Vidonge vya antioksidanti kwa mazoezi na uzee wenye nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu mzima mwenye afya anayefikiria kuanza kumeza antioksidanti ili apate nguvu mazoezini au azeeke vizuri. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye tatizo la figo au ini, na anayetibiwa saratani aanzie kliniki yake kwanza.

Antioksidanti ni kitu gani hasa?

Mwili huchoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu, na moto huo hutoa cheche. Cheche zenyewe ni molekuli ziitwazo radikali huru. (Tafsiri za mashine hupenda kuziita "itikadi kali huru", utadhani seli zako zimeingia msituni.) Radikali huru imepungukiwa na elektroni moja, basi humpora jirani: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata vinasaba. Antioksidanti ni kitu kinachoweza kutoa elektroni hiyo bila chenyewe kugeuka mporaji. Vitamini C hufanya kazi hiyo kwenye sehemu za mwili zenye maji, vitamini E kwenye mafuta. Mbali na hizo, mwili hujitengenezea walinzi wake: glutathioni, na vimeng'enya vinavyohitaji zinki, shaba, manganizi na seleniamu. Mazoezi ya mara kwa mara huwaongeza walinzi hao wa ndani. Kumbuka hilo, litarudi chini.

Kama cheche hizo zinachakaza mwili, si nikimeza nyingi nitakaa kijana?

Wengi walidhani hivyo tangu Mmarekani Denham Harman alipoandika mwaka 1956 kwamba uzee unatokana na uharibifu wa radikali huru. Nadharia ilipendeza. Ilipopimwa kwa watu, ikakwama.

Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 wenye miaka 50 hadi 69 walipewa beta-karotini miligramu (mg) 20 kwa siku, au vitamini E mg 50, au vyote, au kidonge kitupu (kisicho na kirutubisho ndani, cha kulinganishia). Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani, jaribio lingine la wavutaji sigara na wafanyakazi wa asbesto, safari hii kwa beta-karotini mg 30 pamoja na vitamini A, lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu ileile. Kisha likaja la vitamini E na seleniamu kwa wanaume zaidi ya 35,000. Waliomeza vitamini E peke yake, yuniti 400 kwa siku, waliugua saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza kidonge kitupu; hilo lilitangazwa mwaka 2011. Na madaktari wa kiume 14,641 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi hawakupata kinga ya moyo wala ya saratani kutokana na vitamini C mg 500 kila siku au vitamini E yuniti 400 kila baada ya siku moja.

Hivyo anayekuuzia chupa kwa hoja ya "inazuia uzee" anakuuzia dhana ya 1956.

Nafanya mazoezi mara nne kwa wiki. Zitaniongezea nguvu?

Hapa ndipo watu hushangaa: dozi kubwa inaweza kupunguza faida unayoitolea jasho.

Unapokimbia au kunyanyua chuma, misuli hutoa radikali huru kwa wingi, na wingi huo ni ujumbe. Seli husoma kwamba kazi imezidi uwezo, nayo hujibu kwa kujenga mitokondria zaidi (vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli), kuongeza walinzi wa ndani, na kuitikia insulini vizuri zaidi. Ukifurika mwili kwa vitamini C na E, unaufuta ujumbe kabla haujasomwa. Ni kama kuzima king'ora cha moto kwa sababu kelele zake zinaudhi.

Ujerumani, mwaka 2009, vijana wa kiume walifanya mazoezi kwa wiki nne. Waliokuwa wakimeza vitamini C mg 1,000 na vitamini E yuniti 400 kwa siku hawakupata ule uboreshaji wa insulini waliopata wenzao. Norway, mwaka 2014, watu 54 walifanya mazoezi ya wiki 11 wakiwa na vitamini C mg 1,000 na E mg 235. Pumzi na kasi viliongezeka sawa kwa makundi yote mawili, ila viashiria vya mitokondria mpya viliongezeka kwa wasiomeza tu. Jambo hili lisemwe kwa haki: msukumo hafifu ndani ya seli si lazima uonekane kwenye saa ya mbio, walau si ndani ya wiki 11.

Kwa wazee habari ni nzito zaidi, kwa kuwa misuli ndiyo akiba yao. Katika jaribio la Norway la mwaka 2016, wanaume wazee walinyanyua vyuma kwa wiki 12. Wasiomeza kitu waliongeza asilimia 3.9 ya uzito wa mwili usio mafuta. Waliomeza dozi zilezile za C na E waliongeza 1.4. Resveratroli, ile ya ganda la zabibu, nayo ilipunguza faida ya mazoezi kwenye pumzi ya wanaume wa miaka kama 65 huko Denmark mwaka 2013, kwa dozi ya mg 250.

Kwa hiyo kama lengo lako ni kujenga misuli au pumzi, usimeze gramu nzima ya vitamini C kila siku. Ya kwenye chakula haina tatizo hilo.

Zinapunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi?

Nafuu yake ni ndogo mno hata usiihisi. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 50 haukuona nafuu ya maana kati ya saa 6 na saa 96 baada ya zoezi. Lala, kunywa maji, na wiki ya kwanza usipige skwati mia.

Na mafua? Kila nikijiandaa kwa marathoni naumwa.

Hili ni mojawapo ya machache yenye ushahidi mzuri. Katika majaribio matano ya watu 598 waliokuwa kwenye kazi ngumu sana ya mwili (wakimbia marathoni, wanaoteleza kwenye theluji, wanajeshi kwenye baridi kali), vitamini C ya kila siku ilipunguza kupata mafua kwa karibu nusu. Dozi zilianzia mg 250. Kwa mtu wa kawaida anayekimbia kilomita tano jioni, haikupunguza idadi ya mafua. Ilifupisha siku za kuumwa kidogo tu. Kuianza pua ikiwa imeshaziba hakuna matokeo ya kutegemewa.

Anayejiandaa kwa mbio ndefu anaweza kutumia mg 250 kwa siku katika wiki mbili tatu za mwisho, mazoezi ya kujenga mwili yakiwa yamekwisha, kisha aache.

Nani basi anafaidika kweli?

Mwenye upungufu uliopimwa au unaoonekana: fizi zinazotoka damu kwa kukosa matunda, mlevi asiyekula, mgonjwa wa utumbo asiyefyonza mafuta. Na wazee ambao daktari wa macho amewakuta na uchakavu wa kati wa sehemu ya katikati ya retina. Hao wana mchanganyiko wao maalumu: vitamini C mg 500, E yuniti 400, zinki mg 80, shaba mg 2, luteini mg 10 na zeaksantini mg 2. Hupunguza kasi ya ugonjwa kufika hatua ya mwisho. Haumkingi mwenye macho mazima. Shaba imo humo kwa sababu zinki nyingi huizuia isifyonzwe, na ukosefu wa shaba huleta upungufu wa damu. Anayemeza zinki mg 50 kila siku peke yake "kwa ajili ya kinga" ajiulize shaba yake anaipata wapi.

Chakula pekee kinatosha?

Kwa vitamini C, kwa urahisi wa ajabu. Mwanaume anahitaji mg 90 kwa siku, mwanamke 75, mvutaji sigara aongeze 35. Pera moja dogo la gramu 55 lina kama mg 125. Umemaliza kazi ya siku kwa tunda ambalo watoto hulichuma bure. Chungwa la wastani lina kama 70, papai gramu 100 lina kama 60. Unga wa ubuyu hutofautiana mti na mti, lakini kwa uzito uleule kwa kawaida hulishinda chungwa. Ukoroge kwenye maji baridi. Ubuyu uliochemshwa na sukari na rangi ni peremende, vitamini nyingi imeishia sufuriani.

Vitamini E inahitaji kupangwa kidogo: mg 15 kwa siku. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina kama 5.6, konzi ya karanga kama 2. Mawese mekundu ya Kigoma na Kongo yana vitamini E na karotini kwa pamoja, mradi hayajaunguzwa hadi yawe meupe. Karotini ya viazi lishe na mchicha huhitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo mchicha wa nazi una faida kuliko mchicha mkavu. Maji ya kuchemshia mboga usiyamwage. Vitamini C imo humo.

Na kuna jambo la kuchekesha kuhusu zile alama za "nguvu ya antioksidanti" zilizoandikwa kwenye makopo: kwa vipimo vya maabara, karafuu ziko juu kabisa ya vyakula vingi, hivyo Pemba ingekuwa kisiwa cha watu wasiozeeka. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la alama hizo mwaka 2012, kwa kuwa namba ya kwenye chupa ya maabara haikusema lolote kuhusu kinachotokea ndani ya mtu.

Nimeelewa, lakini bado nataka kujaribu. Nifanyeje?

Jaribu kitu kimoja, kwa dozi ndogo, kwa muda uliopangwa, ukiwa na namba za kulinganisha. Chaguo lenye hatari ndogo ni vitamini C mg 200 hivi kwa siku. Damu hujaa vitamini C kwa mg 200 hadi 400 kwa siku. Ukimeza zaidi ya mg 1,000 kwa mara moja, mwili hufyonza chini ya nusu na nyingine huishia chooni. Ukipendelea koenzaimu Q10 (kitu kinachofanana na vitamini ambacho mwili hujitengenezea), mg 100 pamoja na chakula chenye mafuta. Kwenye tumbo tupu haifyonzwi vizuri. Usianze na vitamini E, beta-karotini wala seleniamu ya peke yake.

Wiki mbili za kwanza usimeze chochote, pima tu. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60, siku tatu, utafute wastani. Pima presha. Chukua kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, uhesabu unasimama na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 60 hiki ni kipimo kizuri kuliko mizani. Anayekimbia apime umbali wa dakika 12, njia ileile, saa ileile ya siku. Jua la saa nane mchana litakupa majibu ya jua.

Kisha meza kwa wiki nane, mazoezi na chakula vikibaki vilevile. Pima tena. Halafu acha kwa wiki nne, upime mara ya tatu. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, nayo ndiyo inayosema ukweli: namba zikibaki palepale bila kidonge, kidonge hakikuwa na kazi.

Majaribio mengi huharibika kwa njia moja. Mtu ananunua chupa Jumatatu, wiki hiyohiyo anaacha soda, anaanza kulala saa nne usiku na kwenda jimu. Baada ya mwezi amepungua, ana nguvu, na sifa zote anapewa aliyemuuzia chupa.

Kwenye lebo nitazame nini?

Kwanza kiasi kwa kidonge kimoja. Namba kubwa ya mbele mara nyingi ni ya vidonge viwili au vitatu. Pili, vitamini E: kama imeandikwa kwa IU (ndizo zile yuniti zilizotajwa juu), herufi ndogo za mwanzo zina maana. "d-alpha" ni ya asili, na IU 400 ni mg 268. "dl-alpha" ni ya kiwandani, na IU 400 hizohizo ni mg 180. Tatu, ukikuta "mchanganyiko maalumu mg 800" wenye mimea kumi na hakuna kiasi cha kila mmoja, rudisha chupa rafuni. Nne, tazama vitamini A ya retinoli: zaidi ya maikrogramu 3,000 kwa siku ni hatari kwa mimba changa. Tano, namba ya bechi na tarehe ya mwisho viwe vimechapwa, si stika juu ya stika.

Kidonge cha kuyeyusha kinachotoa povu huwa na sodiamu, mg 200 hadi 300 au zaidi kila kimoja. Mwenye presha anunue cha kumeza. Vile vya kutafuna, vyenye ladha ya chungwa, ni tindikali: mtu anayemumunya vinne mchana kutwa kama peremende anayala meno yake. Tafuna, sukutua kwa maji, usipige mswaki kabla ya nusu saa.

Natumia dawa za hospitali. Kuna mgongano?

Upo, na mwingine ni mkubwa.

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri (TLD): zinki, kalsiamu, chuma na magnesiamu huishika dawa tumboni isifyonzwe. Meza dawa saa 2 kabla ya kirutubisho au saa 6 baada yake. Kalsiamu au chuma vinaweza kumezwa pamoja nayo ikiwa ni pamoja na chakula. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo hufuata mpango huohuo wa saa 2 na saa 6. Kwa wanaoishi na VVU kuna somo jingine lililotoka Dar es Salaam kwenyewe: jaribio la wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza ARV, wakipewa vitamini B, C na E kwa dozi kubwa au ya kawaida, lilisimamishwa mwaka 2009. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kasi ya ugonjwa, na kipimo kimoja cha ini kilipanda zaidi kwa waliopewa.

Warfarini (dawa ya kuyeyusha damu): vitamini E kwa wingi huongeza hatari ya kutoka damu, na koenzaimu Q10 inaweza kuipunguza nguvu dawa. Usianze wala usiache bila kupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Tibakemia na mionzi huua seli za saratani kwa sehemu kupitia radikali huru hizohizo, kwa hiyo mwambie daktari kila unachomeza, hata kama ni "cha asili".

Kapsuli za chai ya kijani na manjano ni salama? Si ni vyakula?

Kikombe cha chai ni chakula. Kapsuli yenye EGCG (antioksidanti ya majani ya chai ya kijani) ya vikombe vingi si kikombe cha chai. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba EGCG ya mg 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho hupandisha vimeng'enya vya ini. Manjano ya kwenye pilau haina shida; kapsuli zilizochanganywa na piperini ya pilipili manga, ili zifyonzwe zaidi, zimehusishwa na watu kuumia ini. Macho yakianza kuwa manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, au maumivu chini ya mbavu za kulia, acha siku hiyohiyo na uende na chupa hospitali.

Mkojo wa njano ya kung'aa, kwa upande mwingine, ni vitamini B2 tu. Hauna neno.

Na dripu ya glutathioni au vitamini C ya saluni?

Hapana. Dozi kubwa ya vitamini C kwenye mshipa inaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), hali ya kurithi iliyoenea kwenye maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Wengi wenye nayo hawajui, na saluni haikupimi. Kwa mwanamichezo anayepimwa kuna shida ya pili: dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, hata kama ndani yake ni maji na vitamini tu, isipokuwa ya matibabu hospitalini. Na hata kidonge halali kikiwa kimechafuliwa kiwandani, adhabu ni ya aliyemeza. Mshindani anunue vilivyopimwa kila bechi, aweke vichache bila kuvitumia, pamoja na risiti.

Nikizidisha nitajuaje?

Vitamini C huanza na tumbo: gesi, kisha kuharisha. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni mg 2,000 kwa siku, lakini aliyewahi kupata mawe ya figo akae mbali na dozi za gramu, kwa sababu sehemu yake hugeuka oksaleti, ambayo hujenga mawe hayo. Seleniamu ndiyo ya kuogopwa: mahitaji ni maikrogramu 55, kikomo 400, na umbali kati ya hizo mbili ni mdogo. Mwaka 2008 huko Marekani bidhaa ya maji iliyokosewa vipimo, yenye seleniamu mara 200 ya ilivyoandikwa, iliumiza watu 201. Nywele zilinyonyoka, kucha zikabadilika rangi na kukatika.

Vidonge vyangu vimekuwa na madoa ya kahawia. Nivile?

Hapana. Ni vitamini C iliyooza kwa unyevu. Mombasa au Tanga chupa iliyowekwa juu ya friji au bafuni haimalizi miezi mingi. Iweke kabatini chumbani, funga kila mara, na kile kifuko kidogo cha chembechembe ndani ya chupa usikitupe, kinafyonza unyevu. Nunua chupa ndogo.

Nimebakiwa na nusu chupa na sitaki kuendelea. Nimpe mama?

Kama mama anatumia dawa ya presha, ya kuyeyusha damu au ya kisukari, usimpe kabla hajaulizia kliniki yake. Mchanganyiko wenye chuma usiachwe mahali mtoto anafika, kwa kuwa vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo. Vya kutupa vichanganye na majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, weka kwenye taka, na chupa ichane lebo ili isije ikajazwa upya na kuuzwa.